Shati la flaneli na baridi yetu ya Mbeya

Kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, Mbeya huwa na hali ya hewa tatu ndani ya siku moja. Alfajiri unatoka nyumbani Isyesye au Uyole, pumzi inaonekana ikitoka mdomoni na vidole havitaki hata kuhesabu nauli. Saa saba mchana jua limekolea, sweta limeshavuliwa na kufungwa kiunoni. Saa kumi na moja upepo unateremka kutoka mlima Loleza, na fulana uliyobaki nayo haina msaada. Mji wenyewe uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipandisha Isyonje kuelekea Kitulo unafika mita 2,600, huko ambako sakitu ya usiku huunguza majani ya viazi. Usiku wa Julai hapa mjini hushuka chini ya nyuzi 10 bila shida, na mchana hurudi juu ya 20.

Kwa baridi ya namna hii, koti zito linakuwa mzigo nusu ya siku, na nguo nyepesi inakutesa nusu iliyobaki. Nimevaa flaneli tangu nikiwa chuoni na nimeshika mashati mengi sana kwenye meza za mitumba, na msimamo wangu hautikisiki: mwanamke anayeishi nyanda za juu akiweza kununua nguo moja tu ya baridi, anunue shati la flaneli ya pamba, la uzito wa kati, lenye nafasi mabegani. Ila si kila linalouzwa kwa jina hilo linastahili pesa yako, na mashati ya kike ndiyo yenye matatizo mengi zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Watu wengi wakisikia flaneli wanawaza shati la drafti. Drafti ni mchoro wa miraba tu, unaweza kuwa kwenye kitambaa chochote, hata kile chembamba kinachoteleza cha sare za wahudumu. Kinachofanya flaneli iwe flaneli ni kile kinachotendwa baada ya kufuma. Kitambaa hupitishwa kwenye magurudumu yaliyovishwa meno madogo ya waya, yanakwangua uso wake na kuvuta ncha za nyuzi zisimame. Hapo ndipo unatokea ule ulaini unaousikia ukipitisha kiganja. Zile ncha zilizosimama hushika hewa na kuituliza, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi, kwa hiyo joto la mwili wako linabaki hapo hapo. Ndiyo maana shati lisilo zito linaweza kupasha kuliko jinzi nene. Jinzi haina hewa ya kutosha ndani yake.

Kitambaa hiki kilianzia Wales, nchi ya kondoo na mvua, na kwa karne nyingi kilifumwa kwa sufu. Pamba ilikuja baadaye, viwanda vilipojifunza kukwangua pamba nayo ikasimama nyuzi. Leo mashati mengi unayoyaona ni ya pamba, au ya pamba iliyochanganywa, na huo mchanganyiko ndio unaopaswa kuufuatilia.

Kukwangua huko kuna gharama yake. Ili nyuzi zivutike, uzi wa mlalo husokotwa kwa kulegea, na kila ncha inayosimama imepunguza nguvu ya uzi. Kiwanda kikikwangua kupita kiasi kinapata kitambaa laini mno dukani, kisha baada ya kufuliwa mara chache kinakwisha viwikoni. Ndiyo sababu siuamini ulaini peke yake. Flaneli nzuri ni laini, lakini ukiikunja kati ya vidole unasikia ina mwili chini ya yale manyoya. Ile mbaya ni manyoya matupu. Iliyokwanguliwa pande zote mbili hupasha zaidi na haikwaruzi, na iliyokwanguliwa nje tu huwa inapendeza kuangalia huku ngozi haipati kitu. Kwa hiyo ingiza mkono ndani ya shati, upande wa mgongoni, na uamue kwa huo.

Sasa twende sokoni Mwanjelwa, maana wengi wetu tunanunua huko na si kwenye maduka yenye vioo. Belo likifunguliwa asubuhi, watu wanajaa, kila mtu anavuta upande wake, na muuzaji anaita "dada, chagua, chagua, mzigo mpya huo!" Huna muda wa kutafakari. Mimi naanza na lebo kama ipo. Nguo hizi zinatoka nchi nyingi, kwa hiyo usitafute cotton peke yake: za Ujerumani huandika Baumwolle, za Ufaransa coton, za Italia cotone, na yote hayo ni pamba. Ukiona pamba asilimia mia moja, weka kando kwanza ukaendelee kuvuta mengine. Ukiona poliesta, yaani nyuzi za plastiki, imezidi nusu, rudisha.

Lebo ikiwa imekatwa, na mara nyingi imekatwa, angalia upande wa ndani wa kitambaa. Drafti iliyofumwa kwa nyuzi za rangi huonekana pande zote mbili. Iliyochapwa juu huwa imefifia ndani, na hayo ndiyo mashati ya bei rahisi yatakayopauka ukiyafua mara ya nne au ya tano. Halafu nyanyua shati dhidi ya mwanga, uangalie viwiko, kola na kwapa. Mwanga ukipita viwikoni kuliko mgongoni, mwenye nalo wa kwanza alishalimaliza, umebaki wewe kulivaa likiwa linachanika.

Kwa anayetaka uhakika, kuna jaribio la moto, na wauzaji wengi wanakubali ukiomba kwa adabu. Unachomoa nyuzi mbili tatu ndani ya pindo la chini, pale ambapo hapaonekani, unaziwasha kwa kiberiti mbali na meza ya nguo. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalosambaa ukiligusa. Viskosi, nyuzi zinazotengenezwa kwa miti, hufanya karibu vilevile. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi isiyopondeka. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto wake huelekea kuzimika wenyewe. Mchanganyiko utakuonyesha vyote viwili, jivu na punje.

Kwa nini nang'ang'ania pamba namna hii? Tuchukue siku ya kawaida. Unatembea kutoka Mafiati hadi kazini, unapanda kilima, unatoa jasho kidogo. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1. Maana yake jasho likitoka, pamba inalipokea na ngozi inabaki na nafuu, wakati poliesta inaliacha linatiririka chini yake, na ukisimama kituoni kusubiri daladala unaanza kunata na kisha kutetemeka. Halafu harufu: nguo ya poliesta hushika harufu ya kwapa na haiiachi hata ukiifua kwa sabuni ya mche na kuianika juani siku nzima. Kwa mwanamke anayekaa ofisini na watu au anayeuza dukani, hilo si jambo dogo.

Lakini sitaki kuisifia pamba hadi niwapoteze watu wa Tukuyu, kule Rungwe kwenye mvua. Pamba ikilowa, imekwisha. Zile ncha zilizokuwa zimeshika hewa zinalala, nafasi ya hewa inachukuliwa na maji, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Nguo iliyokuwa inakupasha inageuka kukupoza, na kwenye ile mvua ya Rungwe isiyojua msimu, flaneli ya pamba huweza kukaa kwenye kamba siku mbili haijakauka. Mama mdogo wangu analima viazi upande wa Uporoto, na alipoona nimemletea shati la pamba nene aliligusa, akaniambia, "Mwanangu, hili la kuendea kanisani. Shambani ukungu utalinywa lote kabla sijamaliza tuta moja." Alikuwa sahihi kabisa. Kwa shamba la kule juu sufu ndiyo dawa: inaweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujasikia ubaridi wa maji, na bado inapasha.

Tatizo la sufu ni upatikanaji na utunzaji. Mashati ya flaneli ya sufu huingia kwenye mabelo mara moja moja, hasa yale ya Marekani. Pendleton, kampuni ya Oregon, ilianza kushona mashati ya sufu ya kiume mwaka 1924, na mwaka 1949 ikatoa jaketi la kike la sufu ya drafti lililoitwa '49er. Ukikutana na lolote kati ya hayo kwenye lundo, lishike kwa mikono miwili. Ila usilifue kwa maji ya moto wala kulisugua kwa nguvu, maana nyuzi za sufu hukamatana, zikabanana, na shati lako likatoka kwenye beseni likiwa linamtosha mtoto wa darasa la pili. Maji baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota, kisha lilaze juu ya taulo. Kuna ngozi pia zisizoivumilia sufu, inawawasha shingoni na mikononi. Hao wavae fulana ya pamba ndani.

Viskosi ndiyo inayodanganya wengi kwenye mashati mapya ya kike. Inatengenezwa kwa rojo la miti, inaanguka vizuri mwilini, inang'aa kidogo, ukiigusa dukani unasema hii ndiyo. Lakini haipashi inavyostahili, na ikilowa nguvu zake zinapungua karibu nusu. Kwa sisi tunaofua kwa mikono, tunaosugua kola na kukamua kwa kusokota, viskosi inakwisha haraka kuliko mwaka. Akriliki nayo huigiza sufu, ni nyepesi, inapasha kiasi, lakini huota vile vidonge vidogo vya nyuzi kwapani na kiunoni hadi shati linaonekana chakavu bado jipya. Pamba nayo huota vidonge, tofauti ni kwamba vya pamba hukatika na kuanguka, vya poliesta na akriliki vimeshikwa na nyuzi ngumu, havitoki.

Na zile jaketi laini za manyoya mafupi zilizojaa kila kona msimu wa baridi? Hizo ni poliesta tupu, kitambaa kilichoanza kutengenezwa Massachusetts na kiwanda cha Malden Mills mwishoni mwa miaka ya 1970. Siwezi kuzibeza. Zinapasha, ni nyepesi, na zikilowa hukauka upesi kuliko kitu chochote nilichotaja hapa. Kwa Tukuyu na kwa shamba ninazipendekeza bila kusita. Kwa ndani ya nyumba au darasani zinachosha, mwili unafukuta, na upepo wa bodaboda unazipenya moja kwa moja. Upepo unaipenya flaneli pia, tusidanganyane. Kwenye bodaboda ya alfajiri, flaneli iwe ndani na kitu cha kuzuia upepo kiwe juu, hata kama ni koti jembamba la mvua.

Nimesema mashati ya kike ndiyo yenye matatizo, na hapa kuna jambo linaloniuma. Weka shati la kiume na la kike la kampuni moja, drafti moja, meza moja. Mara nyingi la kike ni jembamba zaidi, limebanwa kiunoni, mkono umebana hapo juu ya kiwiko, mkia wa nyuma mfupi, na mfuko wa kifuani umeshonwa usifunguke. Mtu aliyelichora alifikiria mwanamke aliyesimama apigwe picha. Hakumfikiria anayeinama kuchota maji, anayenyoosha mkono kushika bomba la daladala, anayebeba mtoto. Bei nayo haipunguzwi kwa ajili ya kitambaa kilichopunguzwa.

Ndiyo maana wanawake wengi wa huku, na mimi nikiwemo, tunaenda kwenye lundo la kiume na kutafuta saizi ndogo. Kutofautisha ni rahisi: vifungo vikiwa upande wa kushoto wa mvaaji, shati ni la kike, vikiwa kulia ni la kiume. Ukichukua la kiume angalia mabega, mshono usianguke sana chini ya bega lako. Mikono mirefu haina neno, inakunjwa, na flaneli iliyokunjwa hadi kiwikoni hukaa bila kuteleza. Mwenye nyonga pana atafute lenye mipasuo pembeni au afungue kifungo cha mwisho. Mwenye kifua kikubwa ajaribu kukaa chini akiwa amefunga vifungo vyote, na kama nafasi kati ya vifungo inafumuka, la saizi hiyo si lake.

Huwezi kulivaa pale sokoni? Nenda na shati lako linalokukaa vizuri, liwekee juu, ulinganishe kwapa na kwapa, bega na bega. Kwa flaneli mimi nataka mzunguko wa shati uzidi wa kifua kwa inchi 4 au 5, kwanza ili hewa ipate pa kukaa, pili ili fulana iingie ndani, tatu kwa sababu pamba hujivuta ikifuliwa. Mtumba umeshajivuta tayari, hilo ni jambo zuri la mtumba ambalo wengi hawalitaji. La dukani jipya ndilo unaloliongezea nafasi. Ukipata mahali pa kujaribu, fanya mambo mawili tu: nyanyua mikono yote juu, kisha jikumbatie kwa nguvu. Tumbo likibaki nje, au mgongo ukikubana, liache.

Kwa akina mama wanaonyonyesha nina la ziada. Shati la vifungo mbele ni rahisi kuliko sweta la kuvuliwa kichwani, hasa usiku wa Juni ambapo hutaki mgongo uwe wazi. Na mtoto akiwa mgongoni, uso wa flaneli unashikana na kanga, mbeleko haitelezi. Jaribu kumbeba juu ya jaketi la poliesta linaloteleza uone unavyofunga upya kila baada ya hatua chache.

Lakini akina mama hao hao ndio wanaopika, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Manyoya ya flaneli ya pamba yanashika moto upesi sana, moto unaweza kupita juu ya uso wa kitambaa kabla hujajua umeanzia wapi. Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wengi waliungua kwa sababu ya nguo za kulalia za flaneli ya pamba, hadi mwanakemia William Henry Perkin mdogo akafanyia kazi namna ya kukitibu kitambaa hicho kisiwake, na mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuzuia wafanyabiashara kukiita kitambaa salama kwa moto kama hakijafikia kiwango. Mashati yetu ya kawaida hayajatibiwa. Mikono mipana inayoning'inia juu ya jiko la mkaa ni hatari, na mashati ya mchanganyiko wa poliesta ni hatari ya aina nyingine, kwa kuwa yakiyeyuka yanagandia ngozini. Ukiingia jikoni kunja mikono hadi juu ya kiwiko, funga vifungo, au livue kabisa. Mtoto mdogo anayeota moto asubuhi asivalishwe flaneli pana.

Kufua flaneli ya pamba hakuna mambo mengi. Ligeuze ndani nje, maji ya baridi, usilisugue na brashi, lianike kivulini penye upepo. Jua letu la nyanda za juu ni kali hata kukiwa na baridi na linapausha rangi. Wiki za ukungu lifue asubuhi mapema, vinginevyo litalala mbichi na kuanza kunuka. Pasi silipigi, maana inalaza zile nyuzi zilizosimama. Likinyookea kwenye kamba linatosha.

Na kama mtumba umekuchosha, shona. Vitambaa vya flaneli kwa mita vipo, ingawa vingi ni vyepesi vya nguo za watoto, na vya uzito wa shati unaviulizia. Uzito wa kati ninaousema ni kama gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba. Kwa kitambaa cha upana wa inchi 60, mita 2 zinatosha shati la mikono mirefu, na drafti kubwa iongezee nusu mita ili fundi apate pa kulinganisha mistari mbele na mfukoni. Kabla ya kumpelekea, kiloweke na kukianika, kijivute kikiwa bado mali yako na si shati. Mwambie fundi mambo ambayo wengi hawayasemi: vipande vyote vikatwe kuelekea upande mmoja, maana manyoya yakipishana rangi inaonekana tofauti. Aweke mkunjo katikati ya mgongo chini ya kipande cha mabegani. Mkia wa nyuma uwe mrefu kuliko wa mbele. Kifungo kimoja kikae sawasawa na kifua penyewe, vingine vipimwe kutoka hapo. Mfuko uwe wa kweli na utoshe simu. Mabaki usimwachie, chukua angalau kipande cha ukubwa wa viganja viwili ukiweke kabatini, kwa sababu viwiko ndivyo vitakavyotangulia kuchakaa na drafti ile ile hutaipata tena.